Kiwanja cha Tiwi na Minazi ya Bi Mwanasha

Jumamosi. Mvua imekatika na jua limerudi kwa hasira. Nimeketi barazani hapa Ukunda, miguu imejaa matope ya Tiwi, na moyo haujatulia.

Kiwanja nimekipenda, sifichi. Kimeinuka kidogo, maji hayatuami, na maji ya kisima cha jirani hayana chumvi, nimeyaonja mwenyewe. Ofisi ya ardhi wameniambia hati ni safi. Nilishaanza kupanga: jikoni huku, chumba cha mama kule, aache kuishi peke yake Jego na yale magoti yake.

Leo nikaenda bila dalali, nikaulize majirani.

Nilimkuta bibi mmoja mle kiwanjani akikusanya nazi, hana wasiwasi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe unayenunua? Karibu. Ardhi ni ya hao wanaokuuzia. Minazi ni yangu, marehemu mume wangu aliipanda kwa ruhusa ya babu yao."

Nilitahayari! Mimi mzaliwa wa Jego, nimekua nikijua kwamba kwetu ardhi yaweza kuwa na mwenyewe na mti ukawa na mwenyewe mwingine, kisha nisiulize. Nilitosheka na hati, na hati haisemi lolote kuhusu minazi. Chumba cha mama nilikuwa nimekiweka pale pale ilipo.

Bi Mwanasha, ndilo jina lake, anaishi kwa kuuza nazi hizo na kusuka makuti. Hana kingine.

Nikampigia dalali. "Madam, hiyo ni kitu ndogo," akanijibu. "Lipa kwanza, miti tutakata."

Atakata! Wallahi nilitamani kumtukana.

Nimemwambia dalali kwamba wauzaji waketi na Bi Mwanasha, mimi nikiwepo, aridhike kwa kinywa chake mwenyewe. La sivyo sinunui. Akasema yuko mnunuzi mwingine, niamue kesho.

Naogopa. Kiwanja kama hiki, kwa uwezo wangu, nitakipata wapi tena? Na jioni mama kapiga simu, akauliza dirisha la chumba chake litatazama wapi. Nikamwambia bado, mama, nisubiri kidogo.

"Haya, mwanangu. Nimeshazoea kusubiri."

Nimelia, sina haya kusema. Lakini sitamjengea mama yangu chumba juu ya visiki vya mjane.