Magongo Ishirini na Manne ya Mkono Usio Wake

S.L.P. 41,
Pike Narrows,
Ontario.
17 Februari 1987

Mpendwa Shangazi Helvi,

Shikamoo, Shangazi. Goti lako linaendeleaje? Mama ameniagiza niulize hilo kabla ya jambo jingine lolote, kwa hiyo nimeanza nalo. Natumaini Bwana Desmond na binamu zangu nao ni wazima, na kwamba hilo joto la Queensland mnalolilalamikia limepungua. Lisipopungua, tutumieni hata mkebe mmoja.

Sisi huku hatujambo. Mama amepona kikohozi kilichomshika tangu Krismasi. Baba amemaliza kuezeka upya paa la sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke. Aliteleza mara mbili, akatukataza kucheka, nasi tukacheka tulipofika jikoni. Ziwa limeganda vizuri mwaka huu.

Nami bado ni karani wa klabu ya hoki ya barafuni ya Wakata Magogo, angalau hadi leo hii ninapoandika. Utaona hapo chini kwa nini nimeongeza hilo neno angalau.

Katika barua yako uliniuliza ni nani mpiga chenga bora niliyemwona kwa macho yangu barafuni, miongoni mwa wanaolipwa kucheza, na ukanionya nisikutajie wale wa kwenye televisheni. Ukasema pia kwamba hakuna atakayemfikia Urho Kallio wako, yule aliyetoka kiwanda cha karatasi akaenda kucheza kwa mshahara. Sikumwahi Kallio, Shangazi, kwa hiyo siwezi kumpinga. Ila nina mtu wa kumweka kando yake.

Ungeniuliza mwaka juzi ningemtaja Dunc Farquhar wa Port Sable. Kile kisahani cheusi cha mpira humfuata gongoni kama mbwa aliyemlea mwenyewe. Lakini Farquhar hutazama chini, na wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba anayetazama chini bado anaomba ruhusa. Tena ana kelele: tak, tak, tak, kama mtu anayekata vitunguu.

Unakumbuka ulivyonifumba macho kwa skafu yako pale uwanjani, ukaniambia nisikilize? Ulisema mpiga chenga wa kweli hasikiki, kwa sababu bapa la gongo lake hukipokea kisahani badala ya kukigonga. Ofisi yangu iko nyuma ya ukuta wa uwanja, na kwa miaka miwili nimewajua wachezaji wote kwa sauti kabla sijawaona. Kuna mmoja ambaye akiwa na kisahani kunakuwa kimya. Huyo ni Réal Gauvreau.

Ni mtu mfupi, ana miaka thelathini na sita, na pua yake imevunjwa mara nyingi hata haijui tena ielekee wapi. Hana mbio. Mkono wake wa juu ndio unaofanya kazi yote, ule wa chini ni msindikizaji tu. Nimewaona mabeki wakubwa wakimjia kama lori, kisha nikawaona wamekumbatia ubao wa uwanja, naye yuko mita tatu nyuma yao akiwapa pole. Huwapa pole kwelikweli! “Pole kaka, ulikuwa unakuja vizuri.” Hilo huwauma kuliko goli lenyewe.

Sasa nikueleze nililolifanya.

Mwezi wa kumi na mbili niliagiza magongo yake kutoka kiwandani. Réal anachezea kushoto, na gongo la kushoto limepinda bapa upande wake. La kulia limepinda kinyume. Wakati najaza fomu, timu ilikuwa mazoezini, na nyuma ya ukuta kukawa kimya. Nikajua ni yeye. Nikasikiliza kalamu ikiwa mkononi. Alhamisi iliyopita maboksi yalipofika nikafungua moja, nikaona nilichotia alama: magongo ishirini na manne, yote ya kulia, yote yamekatwa kwa urefu wake, na jina lake limechapwa juu ya kila moja.

Gongo jipya hapa haliguswi na mtu yeyote kabla mwenyewe hajalifunga utepe, na Réal hufunga yake Jumamosi asubuhi, siku ya mechi, mizunguko saba, wala si sita wala minane. Kwa hiyo hakuna aliyeona ila mimi. Réal alikuwa amebakiwa na gongo moja tu zima.

Hayo peke yake yangenitosha kukosa usingizi. Lakini Jumatano, siku moja kabla ya maboksi kufika, Bwana Crerar, meneja wetu, alikuwa ameniita nimchapie barua ya kumwachisha Réal kazi. Aliniambia niiache bila tarehe. “Jumamosi namtazama mara ya mwisho,” alisema. “Asiponionyesha kitu, Jumatatu anapanda basi.” Barua ile ilikuwa kwenye droo yangu, Shangazi, nimeichapa bila kosa hata moja, na magongo yalikuwa stoo.

Nilikaa kimya Alhamisi yote na Ijumaa yote. Mama aliweka mkate wa iliki mezani nikampa dada Sirkka kipande changu. Niliwaza kwamba nikinyamaza, pengine gongo lake moja lingehimili mechi nzima. Niliwaza pia kwamba lisipohimili, nitakuwa nimemfukuza mimi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta stoo, ameketi juu ya ndoo, utepe mweusi mkononi.

“Bwana mdogo,” akasema, “mbona umekuwa mweupe kama jibini? Umemuua nani?”

“Ni magongo, Réal. Niliagiza ya kulia.”

Akavuta moja, akafumba jicho moja akalitazama kwa urefu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

“Yako mangapi hivi?”

“Yote ishirini na manne.”

“Haya basi, wewe angalau si mtu wa kufanya mambo nusunusu.”

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyoshea kidole kuwa ninyamaze. Akaniambia kwao walikuwa watoto wanane na gongo moja, nalo lilikuwa la dada yao mkubwa, Fernande, aliyechezea kulia. “Hadi nafika miaka kumi na minne sikujua kuna magongo ya kushoto,” alisema. “Na usinitazame hivyo kama uko msibani. Najua Crerar ananipima leo. Macho ninayo.” Kisha akafunga utepe kwenye gongo lake zima, na baada ya kufikiri kidogo akafunga na moja la kulia. Nilihesabu mizunguko. Saba, na saba.

Lile zima lilivunjika kipindi cha pili. Beki mmoja wa Port Sable alilipiga likakatika katikati, na refa hakuona kitu. Marcel, mwenzake wa pembeni, akamrushia lake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi na daftari langu la takwimu, nikasikia kila neno.

“Lako litanifika puani, Marcel. Bora mkono usio wangu kuliko urefu usio wangu. Karani! Lete uchafu wako!”

Nikampa. Kwa haraka yangu nusura nimchome jicho.

Dakika tano za kwanza zilikuwa mateso. Kisahani kilimteleza mara mbili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia: tak. Juu jukwaani Bwana Crerar alikuwa amekunja mikono. Beki yule yule akapita mbele ya benchi akicheka, “Babu, umeshika upawa wa supu?”

Kipindi cha tatu pakawa kimya.

Sijui namna ya kukueleza, Shangazi, lakini wewe utaelewa. Aliacha kulitumia gongo lile kama la kwake, akaanza kulitumia kama la Fernande. Alikivuta kisahani hadi karibu kabisa na kisigino cha bapa, akakitembeza pale kama yai juu ya kijiko, kichwa juu, akitazama watu. Beki akaja. Réal akamwonyesha kushoto, akamwonyesha kulia, kisha akampiga tobo, kisahani kikapita katikati ya miguu ya beki, naye Réal akamzunguka kukifuata. Nilimsikia akisema, “Pole kaka. Supu ni ya moto.”

Akabaki na kipa. Kila kipa anajua kwamba pigo la mgongo wa bapa huja chini na bila nguvu, kwa kuwa bapa limepinda kinyume. Réal akapiga kwa mgongo huo, lakini gongo lile lilikuwa limepinda kinyume cha alichokijua kipa, likakibeba kisahani juu. Kipa akashuka magotini, na kisahani kikapita juu ya bega lake hadi kona ya lango. Watu walipiga kelele hadi vumbi likaanguka kutoka darini. Mimi sikuandika chochote kwenye daftari. Ilibidi nimuulize Marcel baadaye lilikuwa goli la dakika ya ngapi.

Baada ya mechi Bwana Crerar alishuka chumba cha wachezaji, akalichukua gongo, akaligeuza.

“Hili la nani?”

“Langu, bosi,” Réal akasema huku akifungua kamba za viatu. “Niliagiza mwenyewe. Nilitaka kujaribu.”

Ningeweza kunyamaza, Shangazi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasikia mtu anasema, “Si kweli, bwana. Ni kosa langu, na yako mengine ishirini na matatu,” na mtu huyo alikuwa mimi.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bwana Crerar hakucheka. Alinitazama, akamtazama Réal, akalitazama gongo.

“Mtu anayepewa gongo la upande mwingine na bado anamvua beki suruali,” akasema, “mimi nimpeleke wapi? Ile barua uliyonichapia, ichane. Halafu Jumatatu upige simu kiwandani wewe mwenyewe. Usiandike. Piga.”

Unajua ninavyoiogopa simu. Niliandika maneno yote kwenye karatasi kwanza, pamoja na salamu, na mama mmoja wa kiwandani aliyepokea akanijibu tu, “Sawa mwanangu, wiki mbili.” Nilikuwa nimejiandaa kwa nusu saa ya kugombezwa.

Barua niliichana vipande kumi na sita. Réal atacheza hadi majira ya kuchipua. Baada ya hapo anasema atarudi kwao, miguu imechoka ingawa mikono haijui.

Magongo mengi tumewapa wasichana wa timu ya shule, wale wafupi wanaochezea kulia. Moja nililiomba. Utalipata kwa posta baada ya wiki sita hivi, limefungwa kwenye gunia, nami nimeandika juu yake kwamba si silaha. Ni fupi, ni la mkono wa kulia kama ulivyochezea wewe, na utepe ameufunga Réal mwenyewe, mizunguko saba. Barafu huna, lakini sakafu unayo. Chukua mpira wa gofu, fumba macho, kisha uniambie kama unasikika.

Nisalimie Bwana Desmond, Leena na Kerryn. Baba, Mama na dada Sirkka wanakusalimu. Mungu akulinde, wewe na goti lako, hadi macho yetu yaonane.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Arvo