Kisima cha Baba Kwenye Ramani

Nunguni, 2 Julai 2025

Mbuvi mdogo wangu,

Hamjambo huko Nuu? Sisi wazima, ila baridi ya huku imenishika goti. Naandika kwa sababu nikikupigia simu nitakufokea.

Nasikia baada ya matanga ulibeba ramani zote za Baba, eti wewe ndiwe mwanamume. Sasa wageni wanakuja kuzitazama na kukuita mzee wa ramani! Baba alipowabebea wapima ardhi vyombo kule korongoni, hadi wakamwachia ramani hizo, nani alimfuata na kibuyu cha maji? Wewe ulikuwa bado mgongoni kwa Mama. Naona wivu, wala sifichi.

Dada yako,
Nzisa

Nuu, 15 Julai 2025

Dada Nzisa,

Pole kwa goti. Huku tunasukuma siku, lakini kiangazi kimetukalia vibaya. Jirani yangu Kavata amepoteza mbuzi sita.

Usinikasirikie. Ramani nilikabidhiwa na wazee. Kwenye ile ya mwaka 1971, upande wa mashariki wa korongo, Baba ametia alama ya kisima kwa penseli. Tunataka kuchimba hapo. Wewe ulitembea naye. Alama hiyo ni ya kweli?

Mdogo wako,
Mbuvi

Nuu, 20 Agosti 2025

Dada,

U mzima kweli? Hukunijibu. Tumechimba siku kumi na nne, mchanga mkavu hadi mwamba. Jana Kisilu, mwenyekiti wetu, alisema mbele ya watu kwamba Baba alikuwa mwongo.

Mdogo wako,
Mbuvi

Nunguni, 24 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, maana naijua.

Baba hakuwa mwongo. Wapima walimtaka aonyeshe visima, naye akahofia chetu kitachukuliwa. Akakifukia, akatia alama upande usio na maji, akaniapisha ninyamaze. Kisima kiko magharibi, chini ya jiwe jeupe.

Barua yako ya kwanza niliipata mapema. Si kiapo kilichonifunga mdomo. Nilisema, mwenye ramani na achimbe. Nisamehe.

Dada yako,
Nzisa

Nuu, 6 Septemba 2025

Dada Nzisa,

Hatujambo, na goti lipate nafuu. Maji yametoka, futi tisa tu! Kisilu ameomba radhi hadharani.

Watu wamepaita Kwa Mbuvi. Niliwakatalia, Dada. Nikawaambia aliyetuonyesha ni Nzisa binti Ndululu. Wakatazamana, kisha Kavata akaniuliza, "Nzisa yupi?"

Ndugu yako,
Mbuvi