Mtu Niliyesema Sikumwona

KITUO KIDOGO CHA POLISI LUTENGELE, MKOA WA MBEYA
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kuhusu: Wizi wa vishikwambi vitano, ofisi ya Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi Itebelo
Jina: Tusekile Yotamu Mwasomola
Umri: Miaka 23
Kabila na dini: Mnyakyusa, Mkristo
Elimu: Kidato cha nne
Kazi: Mpishi wa uji, Shule ya Msingi Itebelo
Makazi: Kitongoji cha Mbegele
Hali ya ndoa: Nimeolewa, wiki tisa na siku tatu
Jina la mume: Aroni A. Mwakisole
Tarehe na saa: Jumanne, 18 Machi 2025, saa 3:20 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu naandika kwa mkono wangu mbele ya Koplo Faustina, kwa sababu niliyoyasema Jumamosi katika kituo hiki hayakuwa kweli. Hakuna aliyenilazimisha kuja. Nimekuja kwa miguu, na njia nzima nilikuwa naomba nisikutane na mtu anayenifahamu.

Koplo ameniambia nieleze kwa mpangilio, na habari za mume wangu nizitaje pale tu zinapohusu kesi. Nimejitahidi. Lakini kila nikianza kueleza siku ile nakuta mwanzo wake ni yeye.

Nilifunga ndoa na Mwalimu Aroni tarehe 11 Januari 2025. Mvua ilinyesha ibada nzima, tulipotoka mlangoni jua likawaka, na watu wote wakasema ni baraka. Tangu siku hiyo naamka nikiimba. Mume wangu anafundisha hisabati. Nikiwa jikoni shuleni nasikia sauti yake kupitia ukutani akiwaambia watoto, "Tena, kwa pamoja," na mimi nakoroga uji kwa pamoja nao. Sikujua kama mtu anaweza kuwa na furaha ya namna hiyo akiwa ameshika mwiko.

Shule yetu ni ndogo. Watumishi tuko sita: Mwalimu Mkuu Tekla, ambaye ni mwenyeji wa Iringa, Mwalimu Vitus, naye wa Iringa, Mwalimu Damari, mume wangu, mimi mpishi, na mlinzi. Mlinzi ni baba mkwe wangu.

Kwa mila yetu mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anachepuka na kujifunika mpaka mzee apite. Vijana wengi wameacha. Nilipokuwa Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwa shangazi niliwaona wanawake wanakula meza moja na baba wakwe zao. Lakini mama mkwe alinifundisha mila hii wiki moja kabla ya harusi na mimi nikaipenda, maana niliona ni kumheshimu mtu aliyenizalia Aroni. Ndiyo sababu hapo juu nimeandika herufi A. tu. Jina la pili la mume wangu ndilo jina la baba yake. Hata kanisani, Mchungaji alipotaja majina yote mawili ili nifuatishe, nilisema "Aroni" nikanyamaza, na akina mama wakapiga vigelegele.

Mlinzi anaingia kazini saa kumi jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Mtu wa kwanza kufika asubuhi ni mimi, kuwasha moto. Kwa hiyo ufunguo wa ofisi angepaswa kunikabidhi mimi. Kwa kuwa hawezi kunipa mkononi, Mwalimu Mkuu alikubali autundike kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko la shule, kisha aondoke kabla sijafika. Mimi nilitakiwa nimpelekee Mwalimu Mkuu. Siku za kwanza nilipeleka. Baadaye Mwalimu Mkuu mwenyewe akasema uache tu hapo, kila anayehitaji achukue na kurudisha. Watumishi wote tulijua msumari ule.

Mwalimu Vitus alikuwa akinitania. Ikikaribia saa kumi na mimi bado naosha masufuria, anachungulia na kusema, "Tusekile, kofia ya mzee hiyo inakuja, ruka dirishani!" Mwalimu Damari, Mnyakyusa mwenzangu, akamjibu siku moja, "Kwenu hamna adabu, ndiyo maana hamkimbii mtu." Vitus akasema, "Sisi tunakimbia mvua tu, mama." Nilicheka nao. Niliona fahari.

Mnamo Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, watoto waliruhusiwa saa sita na nusu kwa sababu mjumbe wa kamati ya shule alikuwa amefariki na walimu wote walikwenda kuzika. Mimi nilibaki kuosha vyombo, nikitakiwa niwafuate. Sikuwafuata. Kila Ijumaa namfanyia mume wangu jambo la kukumbuka harusi yetu, na Ijumaa ile ilikuwa ya tisa. Nilitaka akirudi msibani akute ndizi za nyama, na shati lake la bluu limenyooshwa. Nilitoka shuleni saa saba na nusu nikikimbia kama mtoto. Sikufunga jiko kwa kufuli. Ufunguo wa ofisi ulikuwa kwenye msumari.

Kutoka shuleni hadi nyumbani kwetu ni mwendo wa dakika arobaini, kuteremka na kuvuka mto. Nilifika saa nane na dakika kumi. Naijua saa kwa sababu nilitazama simu nikipiga hesabu ya muda wa kuchemsha nyama. Mvua ilikuwa inaanza. Nilipofika kwenye migomba nyuma ya nyumba nilisikia nyundo. Nikatazama juu. Baba mkwe alikuwa juu ya bati la jiko langu anagongomea.

Jumatano ya wiki ile nilikuwa nimemlalamikia mama mkwe kwamba bati linavuja, maji yanadondoka kwenye sufuria. Kumbe alimwambia mumewe. Naye alichagua saa aliyojua mimi nitakuwa mazikoni, ili anitengenezee bila kunisumbua.

Alikuwa amevua shati kwa sababu ya mvua. Mimi nilimtazama. Nalisema hili kwa sababu nimeapa kusema yote. Nilimtazama kabla sijajua ninachokitazama, nikaona mgongo wake na jinsi alivyokonda, ndipo nikajifunika kitenge na kuchuchumaa kwenye migomba. Naamini aliniona, kwa sababu alikohoa mara mbili kwa nguvu, kama wanavyokohoa wazee kumpa mtu nafasi, kisha akageukia upande wa pili na kuendelea. Sikuweza kuinuka maana angeniona tena. Nilikaa pale kwenye matope hadi aliposhuka na kuondoka kwa njia ya juu. Nilitazama simu. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Kwa muda wote huo nyundo haikukoma zaidi ya kupumzika mkono.

Niliingia, nikapika, na kwa mara ya kwanza hakuna tone lililoingia kwenye sufuria.

Saa tisa na nusu, kama nilivyosikia baadaye, Mwalimu Mkuu alirudi shuleni akakuta ofisi imefunguliwa bila kuvunjwa na vishikwambi vya walimu vyote vitano havipo. Mwalimu Vitus alieleza polisi kwamba saa nane alipita kuchukua mwavuli aliouacha barazani na mlango ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo wizi ulifanyika kati ya saa nane na saa tisa na nusu.

Jumamosi tarehe 15 Machi, saa nne asubuhi, tuliitwa watumishi wote hapa kituoni. Tulikaa kwenye benchi moja nje. Askari alimuuliza Mwalimu Mkuu ufunguo anakaa nao nani. Mwalimu Mkuu alitazama chini, akasema, "Mlinzi." Hakutaja msumari. Mwalimu Damari aliunyoosha ukosi wa blauzi yake. Mwalimu Vitus alifungua mwavuli na kuufunga, na mvua haikuwapo. Mume wangu alinitazama mimi, maana jiko ni langu, na mimi nikatazama viatu vyangu vya harusi, ambavyo nilivivaa siku ile ili nionekane mke wa mwalimu.

Baba mkwe aliingizwa ndani kabla yetu. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akiulizwa, "Ijumaa mchana ulikuwa wapi?" Akajibu, "Nilikuwa kwa mwanangu, naziba bati." Askari akauliza, "Nani alikuona?" Akasema, "Hakuna aliyeniona, afande."

Alijua nilikuwepo. Hakunitaja ili nisiaibike.

Zamu yangu ilipofika, askari aliniuliza, "Ulipofika nyumbani, ulimwona mtu yeyote?" Nikasema, "Sikumwona mtu." Niliposema hivyo sikujisikia kama nasema uongo. Kwetu sisi, mkamwana akikutana na baba mkwe husema hakumwona, na mzee husema hakuonekana, na kila mtu anaelewa. Ndiyo heshima yenyewe. Lakini askari aliponisomea alichoandika ilikuwa, "Shahidi hakumwona mtuhumiwa nyumbani kwake." Hapo nilielewa kwamba neno letu likiingia kwenye karatasi linakuwa kitu kingine. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilisaini.

Baba mkwe akawekwa mahabusu.

Jumapili tarehe 16 Machi mume wangu hakwenda kanisani. Alileta chakula hapa, akarudi saa saba mchana, akakaa kwenye ngazi ya nyumba bila kuvua viatu. Aliniuliza, "Mke wangu, wewe siku ile hukumwona baba kabisa?" Nikasema, "Hapana, Aroni." Akasema, "Basi. Nilitaka tu nisikie kutoka kwako." Aliniamini hapo hapo. Hakunitazama mara mbili. Katika yote niliyoyafanya hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana mimi ninampenda mtu huyu kiasi kwamba hata kandambili zake nazipanga mlangoni zitazame nje, asihangaike asubuhi. Na nilimdanganya uso kwa uso kwa sababu niliona haya kumwambia kuwa nimemtazama baba yake akiwa kifua wazi.

Jumatatu tarehe 17 Machi shule ilifunguliwa kama kawaida. Msumari nyuma ya mlango wa jiko ulikuwa umeng'olewa. Sijui nani aliung'oa. Tundu lilikuwa limezibwa kwa ugali mkavu. Saa nne wakati wa uji, Mwalimu Vitus alikuja na kikombe chake, akasimama bila kunitania. Akasema kwa sauti ndogo, "Ule mwavuli haukuwa barazani, ulikuwa ofisini. Nilichukua ufunguo hapo kwenye msumari, nikaingia, nikafunga, nikarudisha. Jiko lilikuwa wazi." Nikamuuliza, "Mbona hukusema?" Akasema, "Nikisema, Mama Tekla anavuliwa ukuu, na mimi nahojiwa. Na wewe uliyeacha jiko wazi?" Nikamwaga uji pembeni ya kikombe chake. Akaondoka na vidole vimeungua, hakulalamika.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mama mkwe alikuja nyumbani akiwa na chakula cha kuleta hapa. Mume wangu alikuwa ameshatoka, na mimi leo nilikuwa nimechelewa. Mama mkwe aliingia jikoni kuchukua chumvi, akatazama juu. Baba mkwe, akigongomea bati, huweka kipande cha ndala chini ya kila msumari ili maji yasipite. Vipande vile ni vyekundu, na ukingo wa kimoja ulikuwa umechungulia tunduni. Mama mkwe akasema, "Hizo ni ndala zangu. Nimezitafuta tangu Ijumaa." Kisha akanigeukia. Hakuniuliza bati limezibwa lini. Aliniuliza, "Ulikuwepo?"

Nilipiga magoti.

Akasema, "Mwanangu, mimi nilikufundisha kumkimbia baba yako njiani. Sikukufundisha kumkimbia akiwa lokapu." Akachukua chumvi yake akaenda. Mimi nikafunika moto, nikampitia mume wangu shuleni, nikamwita nje ya darasa la saba, nikamweleza yote tukiwa tumesimama kwenye mvua. Alinishika kiwiko, akaachia, akarudi darasani. Sikumsikia tena akisema "kwa pamoja." Sijui nikirudi leo nitamkuta mume wa namna gani, lakini nimekuja.

Koplo Faustina amenitaka niandike waziwazi ni nani niliyemwona. Amesema "baba mkwe" haitoshi kwa mahakama, wala herufi moja haitoshi. Nimemwomba dakika chache. Amenipa maji.

Mtu niliyemwona juu ya bati la jiko langu siku ya Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, kuanzia saa nane na dakika kumi hadi saa tisa na dakika ishirini, ni Anyelwisye Mwakisole, mlinzi wa Shule ya Msingi Itebelo, baba wa mume wangu. Nilimwona. Ufunguo wa ofisi ulikuwa kwenye msumari, na watumishi wote tulijua, na mimi ndiye niliyeacha jiko wazi.

Niliyoyasema yanaishia hapo. Nimeyasoma mwenyewe kwa sauti tangu mwanzo, na mahali pa jina nimesoma pia.

Sahihi: T. Y. Mwasomola

MAELEZO YA AFISA: Shahidi ameandika kwa mkono wake mbele yangu, saa 3:20 hadi saa 5:05 asubuhi. Karatasi imelowa sehemu ya jina, maandishi yanasomeka. Saa 6:00 nilifika Mbegele, nikapanda juu ya bati la jiko la shahidi na kuhesabu misumari kumi na minne mipya yenye vipande vya ndala nyekundu. Mwalimu Mkuu na Mwalimu Vitus wameitwa kutoa maelezo upya kesho saa 2:00 asubuhi. Anyelwisye Mwakisole ametolewa mahabusu leo saa 8:15 mchana, amepokelewa na mwanawe, Mwalimu Aroni. Shahidi alikuwa bado kwenye benchi la nje. Mzee alipotokea mlangoni, shahidi aligeukia ukuta na kujifunika kitenge. Mzee alisimama, akakohoa mara mbili, akapita. Mwalimu Aroni alibaki nyuma, akaketi kwenye benchi karibu na mke wake.

WP Koplo Faustina Kiswaga