Vidole Vimekubali, Mdogo Wangu

Chumbani kwangu, nyuma ya duka la dobi,
Ijumaa, baada ya swala.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Assalaam alaikum. Hujambo, mwana wa mama? Tumbo linaendeleaje, na ile miguu iliyovimba imeshuka? Unalalia ubavu wa kushoto kama daktari alivyokuagiza, au umejaa ubishi kama kawaida yako? Mimi ni mzima, na wote hapa nyumbani hatujambo kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Wasiwasi wetu ni wewe tu.

Najua utasema, dada, si ungepiga simu? Simu nikipiga wewe unalia, nami nikikusikia unalia nasahau nilichotaka kusema, salio linakwisha tumeishia kupenga makamasi. Kwa hiyo leo nimeshika kalamu, na barua hii nampa yule nesi rafiki wa shemeji anayerudi huko Jumapili. Naanzia mwisho, maana hali yako si ya kuwekwa roho juu: viza imetoka. Nakuja. Inshallah utajifungua mimi nikiwa hapo.

Sasa tulia nikupe habari nilizokuficha. Usinikasirikie. Presha yako ndiyo iliyonifunga mdomo.

Tangu zile mimba mbili zilipoharibika ukiwa peke yako, shemeji yuko zamu kazini, nilijiapiza kwamba ya tatu haitakukuta bila mtu wa kwenu. Mama angekuwa hai angekwenda yeye. Basi barua ya mwaliko ilipofika nilikimbilia ubalozini nikijua kazi ni kujibu maswali tu. Na wewe unanijua kwa usafi. Siku moja kabla ya kwenda nilisema, mikono ya kwenda kushikwa na watu wa ubalozi haiwezi kunuka udobi. Nikachukua brashi ya kufulia, sabuni ya unga na dawa ya madoa, nikajisugua mpaka viganja vikawa vyeupe kama shuka la hoteli. Nikajiona bibi harusi.

Kumbe ndiyo najimaliza. Kule dirishani kuna mashine ya kioo, unaweka vidole inavichukua alama. Binti wa dirishani, mwenye miwani, akaniambia niweke vinne vya kulia. Taa nyekundu. Vya kushoto. Nyekundu. Dole gumba. Nyekundu.

"Mama, vidole vyako vimeenda wapi?"

"Vipo, mwanangu. Ninavyo vyote."

"Vipo, lakini havina mistari. Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia miaka yote nafua. Mwanamume mmoja kwenye foleni nyuma yangu akasema, "Mama, wewe ungekuwa mwizi ungetutesa!" Watu wakaangua kicheko, hata mimi nikacheka, ila machozi yalikuwa karibu. Binti akanishauri nirudi baada ya wiki mbili. Nisiguse sabuni, nisiguse dawa ya madoa, nipake mafuta asubuhi na jioni, mistari huwa inarudi. Ikikataa tena, alisema, suala litapelekwa kwa wakubwa, na huko hajui litachukua muda gani. Mimi nikahesabu miezi yako kimoyomoyo, nikaona tumbo halisubiri wakubwa.

Dobi asiyegusa sabuni ni nini, mdogo wangu? Nilirudi kazini nimenyong'onyea, nikaketi mbele ya beseni langu, nikawa naangalia mashuka ya gesti yaliyorundikana. Unamkumbuka yule mwenzangu tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki? Tulikuwa hatusalimiani tangu tugombee kamba ya kuanikia iliyo juani. Akaniona nataka kutumbukiza mkono kwenye povu, na habari zangu alishazipata, hizo hazimpiti. Akanipiga kofi mkononi.

"Toa mkono wako hapo! Mtoto wa watu atazaliwa hana hata shangazi wa kumpokea?"

Nikamwambia mimi ni mama mkubwa, si shangazi.

"Uwe mama mkubwa, uwe mama mdogo, ondoka kwenye beseni!"

Akalivuta beseni langu akaliweka kando ya lake. Wiki zile mbili alifua fungu lake na langu, na mwenzetu mwingine, yule mpole, akamsaidia kukamua mablanketi. Msimamizi alipouliza mbona nimekaa, Redio akamjibu, "Huyu ni mgonjwa wa vidole, muache." Basi nikapangiwa kupokea mizigo ya wateja na kukunja nguo kavu. Kila nikipita na viganja vyangu vimelowa mafuta, Redio ananipigia kigelegele: "Bibi harusi huyoo! Bwana yuko wapi?"

Bwana alikuwa nyumbani anaosha vyombo. Wallahi shemeji yako hajawahi kushika dodoki tangu anioe, lakini safari hii alijifunga khanga yangu kiunoni akasugua sufuria, akavunja kikombe kimoja, na wala hakunung'unika. Jioni moja nilimkuta anafua mashati yake mwenyewe. Akasema, "Mke wangu, kumbe kazi hii inauma mgongo." Maneno mengine mtu huyaacha yamwingie mwenyewe.

Siku ya kurudi ubalozini nilitanguliza Bismillahi. Vinne vya kulia, kijani. Vinne vya kushoto, kijani. Madole gumba yakagoma. Binti akafuta kioo, nikajaribu tena, yakagoma. Akaniambia, "Mama, sugua dole gumba kwenye paji la uso, lipate mafuta ya ngozi." Nikasugua. Paji hilo, mdogo wangu, kila alfajiri naligusisha mkekani kwa ajili yako na hicho kiumbe kilicho tumboni. Nikaweka madole. Kijani! Nikatoa "Alhamdulillahi" kwa sauti hadi askari wa mlangoni akageuka, na yule binti akavua miwani akaifuta.

Afisa wa kuhoji aliniuliza nitarudi kweli nikienda. Nikamjibu, "Mwanangu, nimeacha mume aliyejifunza kuosha vyombo juzi. Nikichelewa atasahau." Akajikaza asicheke, akashindwa.

Pasi ya kusafiria yenye viza ilipofika niliipeleka kazini. Redio alikausha mikono kwenye gauni, akaishika kwa ncha za vidole, akaikodolea macho. "Mashuka yote yale ni kwa ajili ya kakaratasi haka?" Kisha akalia, yeye! Mikono yake imechubuka, nimeiona. Nilimshukuru, akanikatiza: "Nishukuru ukishampakata mtoto." Sina cha kumlipa ila dua, na wewe mtie kwenye zako.

Wameniambia vidole vitapimwa tena nikitua huko, kwa hiyo bado nimesusa sabuni. Ukiniona natoka na glavu usinicheke mbele za watu. Nikishavuka pale, nepi zote ni zangu, wewe usiguse hata moja.

Nisalimie sana shemeji, mwambie mwaliko wake umezaa. Baba anakusalimu, anasema ule hata kama hujisikii. Shemeji yako anakusalimu, na wanangu pacha walioko shule ya bweni wanakuamkia. Mola akulinde wewe na aliyemo, akufungue kwa wepesi, atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako nikupendaye toka moyoni,
Mama Pacha.

Nijibu upesi, tafadhali. Hata mistari miwili inatosha, nijue unaendeleaje.