Kenzhe Kabla ya Zhuman

Karaganda, Jumapili

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na yule farasi jike mwekundu ameshazaa. Mimi sijambo. Baridi ya huku imeanza kung'ata, lakini buti ulizoninunulia bado zinafaa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu, nawe ungedhani kuna msiba mwingine.

Mama, unaukumbuka ule mchezo wa kompyuta uliotaka kuutia jikoni pamoja na kuni? Ule wa mapanga na ngome za mawe, ambao mimi na ndugu yangu marehemu Maksat tuliucheza na watu wa nchi za mbali. Sijauacha. Humo mimi ni mganga, naye alikuwa askari wa joho la kijivu, akinisubiri kwenye daraja la ngome. Tangu dhoruba ya theluji ituchukulie Maksat barabarani, miaka tisa sasa, kila nikiingia hupita pale darajani kwanza. Usinicheke. Wewe humkaangia mikate saba ya kumwombea kila Ijumaa. Mimi nilikuwa na daraja tu.

Jumapili iliyopita mchana nilimkuta amesimama pale. Joho lile lile, jina lile lile juu ya kichwa. Alivua kofia ya chuma akaiweka juu ya jiwe, kama alivyozoea, kisha maneno yakatokea, kwa jina la utani ambalo Maksat pekee aliniita: "Umechelewa tena, dada konokono." Chai ilinimwagikia mapajani, wala sikuhisi moto wake.

Nilidhani kuna mwizi ameingia kwa jina lake. Nikamwandikia kwa hasira kwamba kama ni wa kwetu, hebu ataje baba zake saba, kizazi kwa kizazi, kama kila mtoto wa kwetu anavyofundishwa. Majina yakaja polepole: Maksat, Tolegen, Baizak, Sarsen, Kenzhe, Zhuman, Yelubai.

Soma tena, Mama. Kenzhe kabla ya Zhuman. Ni kosa lile lile la Maksat, ambalo marehemu baba alimfinya sikio kwa ajili yake hadi akachoka. Ndipo nikaona kwamba majina hayakuanza na baba yetu Tolegen. Yalianza na Maksat mwenyewe, kana kwamba anayeandika ni mwanawe.

Nilimwuliza anaishi wapi, akanielekeza mji wa Temirtau. Jana nikaenda. Alinifungulia mwanamke aitwaye Saule, akaniambia bila kuzunguka kwamba alikuwa mchumba wa Maksat, na siku tunamzika alikuwa na mimba changa. Aliogopa tungemwona mwongo anayetafuta pa kuegemea. Nyuma yake alisimama mtoto wa miaka minane, Ansar. Ana masikio ya Maksat, Mama. Umelia miaka yote hii kwamba mwanao aliondoka bila kuacha hata ukwato mmoja nyuma yake, hata mtoto mmoja. Ameacha.

Kuna jambo nimelibakiza mwisho kwa kuogopa. Nilimshukuru Saule kwa kumfundisha mtoto majina. Akashangaa. Yeye hajui jina lolote zaidi ya Tolegen, na kompyuta ya Maksat ilikaa kabatini hadi Ansar alipoitoa mwezi huu. Nikamwuliza mtoto. Akasema, kama anayesimulia habari za shule, kwamba anayemfundisha ni askari. Ansar akiondoa mikono kwenye kompyuta, askari huandika mwenyewe. Nikauliza, na "dada konokono" aliandika nani? Akacheka. "Hiyo siyo mimi, shangazi. Huyo husema anachotaka. Juzi kaniambia kuna mahali anakosea, nisikosee kama yeye, ila amesahau ni wapi."

Sikumsahihishia majina, Mama. Hilo nakuachia wewe.

Tutafika sote watatu Ijumaa, na Ansar hataki kuiacha kompyuta nyuma. Kaanga mikate saba kama kawaida, kisha umkalishe mjukuu wako mbele ya mikate hiyo, kompyuta ikiwa kando yake, na umtajie Zhuman kwanza, halafu Kenzhe, kwa sauti kubwa, ili wote wawili wasikie.

Nisalimie majirani. Saule anakuamkia kwa heshima. Ansar anakusalimu sana, na anasema baba yake pia.

Mwanao akupendaye,
Akmaral