Usimwandike Baba kwa "Alikuwa"

Tarehe 4 Februari

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Wewe je, baridi imepungua? Na hao unaowahudumia kwenye nyumba ya wazee, hawajambo?

Sare za shule nimeshona mpaka vidole vimekufa ganzi. Cherehani nimeihamishia chumba cha baba yako, kina mwanga mzuri. Jana nilichemsha chai nikamkumbuka. Baba yako alikuwa anapenda chai ya kuunguza ulimi! Nguo zake za kazi nimempa fundi bomba mwenzake. Alikuwa fundi kweli kweli.

Andika upesi.

Mama yako

Tarehe 15 Februari

Mama,

Shikamoo. Hali sikuulizi, nisamehe. Baba amekufa lini? Barua yako nimeisomea chumba cha kufulia, nikakaa palepale juu ya mashuka machafu. Wenzangu wamenipa pole, msimamizi kanipa ruhusa. Kwa nini mmenificha? Mmemzika wapi?

Mwanao

Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Baba yako hajafa. Kalamu iliniponyoka. Yupo, nimemhamishia chumba cha nyuma, kile cha stoo. Tangu apate kile kiharusi nilichokuandikia, kikamlemaza upande wa kulia, haongei, hajigeuzi, anatazama dari tu. Daktari kasema tusitegemee makubwa. Wazee wa kanisa walikuja wakamfanyia sala ya kumuaga, nami nikaaga. Namlisha, namfunika, nafunga mlango.

Ufufuo naamini, mwanangu. Siku ile nitamwona. Kwa sasa nimechoka, usinihukumu.

Mama yako

Tarehe 9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi na nimekasirika, sijui kipi kimetangulia. Sikuhukumu. Uzito wa mtu asiyejigeuza naujua, ndio mkate wangu wa kila siku.

Lakini Mama, usimwandike Baba kwa "alikuwa". Tunaamini Bwana alitoka kaburini na mwili wake, pamoja na makovu yake. Basi hata mwili wa Baba una kesho. Mtu mwenye kesho hawekwi stoo! Kama ufufuo ungekuwa wa siku ya mwisho tu, mashuka ya hapa ningebadilisha pale tu ninapotazamwa.

Mrudishe kwenye mwanga. Mgeuze mara kwa mara, umwekee mto katikati ya magoti. Mnyoe. Kikombe mpe mkono wa kushoto, ule mzima. Zungumza naye hata asipojibu. Wazee wa kanisa wakirudi, wape kazi. Kwamba atapona, siwezi kukuahidi.

Kitindamimba wako, mkaidi kama Baba

Tarehe 30 Mei

Mwanangu mkaidi,

Hujambo? Sisi hatujambo, wote wawili. Soma vizuri: wote wawili.

Nimekaa kimya kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. Nilipomrudisha chumbani kwake, jirani alisema najitesa bure. Nikamwambia, "Shika miguu, mimi nashika mabega." Wazee wa kanisa niliwakabidhi beseni. Mmoja sasa huja kumnyoa kila Jumatano. Anamkatakata mashavu, lakini huja.

Siku ya Pasaka niliimba mpaka sauti ikakauka. Nikafika nyumbani, godoro limelowa. Nilitaka kulia. Halafu nikajiambia, mama, ulichokiimba ndicho hiki, vua hiyo nguo nzuri. Nilipomaliza kumsafisha nikampa kikombe cha chai. Akanywa, akakunja uso, akasema, "Ya baridi!" Neno la kwanza, nalo lawama! Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Maneno mengine hayaji na mguu haujaamka. Sikati tamaa, kesho namgeuza tena.

Mama yako

Tarehe 12 Septemba

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Baba yako amefariki Jumanne asubuhi. Nilikuwa namsimulia ugomvi wangu na mteja mmoja wa sare, nikamwangalia kama amecheka, nikaona ametulia. Alikuwa msafi, amelala upande wa dirishani.

Nimelia, na bado nalia. Watu wanashangaa kwamba natembea. Natembea kwa sababu safari hii nimemzika mtu aliyekufa, si aliye hai.

Keshokutwa naanza kwenda kwa yule jirani aliyesema najitesa bure. Mama yake naye hajigeuzi, na yeye hajui pa kuanzia. Nitamwonyesha.

Na siku ile ya ufufuo, baba yako akiamka akaniuliza nilikuwa wapi, nitamtazama usoni nimjibu.

Mama yako