Kisanduku cha Mama

Kaka yangu wa mbali,

Sisi wazima. Dari la jikoni bado linavuja, na tumehamia kampuni nyingine ya intaneti, ile ya zamani ilituchosha.

Jana fundi alikuja kuunganisha upya kile kisanduku kinachohifadhi picha na video za familia, ili hata aliye mbali aweze kukifungua tena. Akapekua orodha ya waliokifungua, akaniuliza, "Dada, nani huyu wa ng'ambo? Alikuwa anafungua video moja kila asubuhi, mpaka siku mliyohama."

Ng'ambo tunaye mmoja tu. Kaka, nikaifungua hiyo video. Ni ile video mama anakunja nguo huku akikusema kwa uvivu wako. Miaka miwili, hukuruka hata siku moja.

Na mimi, kwa kuwa hukuja mazikoni, niliutangazia ukoo mzima kwamba huna uchungu na mama.

Anwani mpya ya kisanduku nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Neno la siri ni lilelile. Ikigoma, nipigie simu. Hata isipogoma, nipigie.

Mdogo wako,
Domokaya